Mashine ya Karani Haijafa

Safari ya kutoka Kitale hadi Nairobi ni ya siku moja. Mimi ilinichukua miezi mitano. Niliondoka juu ya lori la mahindi, na dereva akanishusha Timboroa kwa sababu, alisema, nilikuwa naimba kupita kiasi. Pale nilipasua kuni za mwenye hoteli kwa siku tisa za baridi. Nakuru niliosha chupa wiki sita. Naivasha nilikata maua mpaka watu wakawa wananiuliza kama natoka harusini. Mwishowe lori la makaa likanibeba, likapita katikati ya jiji bila kusimama, nikauona mji mkuu wa nchi yangu kwa dakika kumi kati ya magunia mawili, kisha likanitua Baba Dogo mbele ya kiwanda cha sabuni. Palikuwa na foleni. Sikujua ni ya nini. Nilisimama kwa kuwa wengine walisimama. Zamu yangu ilipofika, mtu mmoja aliniuliza kama naweza kubeba. Nikasema naweza, bila kuuliza kubeba nini.

Ndivyo nilivyopata kazi, katikati ya miaka ya tisini. Jioni hiyohiyo, mwenzangu wa foleni alinipeleka Dandora kutafuta chumba. Ploti ilikuwa na vyumba kumi na kimoja vilivyozunguka ua, bomba moja la maji, choo kimoja, na mwangalizi tuliyemwita Keateka, mtu mwembamba mwenye funguo nyingi kuliko milango. Alinionyesha chumba namba saba akanisomea sheria.

"Stima ni ya balbu. Pasi hakuna. Koili hakuna. Nikikupata unapika na stima, utatoka na sufuria yako ikiwa bado moto." Kisha akapunguza sauti, akaonyesha mlango wa chumba namba nane kwa kidevu. "Na ukisikia Karani anachapa, zima hata hiyo balbu."

Nilikwenda kumsalimia jirani. Nilimkuta mzee wa miaka hamsini na kitu, shati jeupe, tai shingoni, amekaa wima kwenye kiti anasoma gazeti la juzi.

"Karibu, jirani. Utanisamehe, siwezi kuinuka."

"Mguu unasumbua, mzee?"

"Hapana. Nalalia."

Nikangoja aeleze. Alinisomea habari mbili tatu za gazeti, akaniuliza kwetu ni wapi, na baada ya nusu saa hivi akainuka polepole, akatoa taulo chini ya makalio yake. Ndani ya taulo mlikuwa na kikasha cha chuma, ukubwa wa Biblia. Alikiweka sikioni kama mtu anayechagua tikiti maji, akakizungusha ghafla kwa kifundo cha mkono, akakirudisha kwenye nyaya zake nyuma ya mashine iliyokuwa mezani. Kitu kikaanza kuvuma.

"Hii ni diski," akasema. "Asubuhi huwa imeganda, haizunguki. Wengine hutupa. Hii inataka joto tu, kama yai."

Mashine yenyewe ilikuwa kompyuta, Mac ya zamani, ile ndogo iliyosimama kama kijisanduku cha barua, kioo chake kidogo kiko ndani ya mwili wake. Ilipowaka, kabla ya kitu kingine chochote, ilionyesha katikati ya kioo kijiuso kinachotabasamu. Watoto wa ploti walikuwa wakikusanyika mlangoni kila asubuhi kuona kama leo itacheka. Ikicheka walipiga makofi, wakaenda shule.

Karani alikuwa mpigataipu katika ofisi moja mjini kwa miaka mingi. Ofisi ilileta mashine mpya na vijana wa kuziendesha, na siku moja wakamwita, wakamwambia kwamba yeye na mashine yake wamepitwa na wakati. Wengine walioondolewa pamoja naye walipewa saa ya ukutani. Yeye aliomba mashine. Aliibeba kifuani kutoka mjini hadi Dandora kwa miguu, kwa sababu hakutaka irushwerushwe na mashimo ya barabara.

Hapo ndipo palipoanza mkataba. Mkewe, Mama Mwende, alikuwa nyumbani, upande wa Mwingi, ambako wakati huo hakukuwa na nguzo hata moja ya stima. Aliposikia mumewe hana kazi tena, alituma ujumbe: sasa rudi nyumbani. Karani akajibu kwamba kazi bado ipo, ila imehamia chumbani kwake. Walibishana kwa barua miezi kadhaa, mpaka wakapatana hivi: mashine ikiwa hai na ina kazi, Karani abaki Nairobi. Siku itakapokufa, afunge mizigo siku hiyohiyo. Kila mtu pale plotini aliujua mkataba huo. Yeye mwenyewe alimwambia kila aliyeuliza, na asiyeuliza pia. "Siondoki mpaka ife," alikuwa akisema, akiipigapiga kichwani. "Na mimi siiachi ife."

Hakuiacha. Nimeishi miji mingi tangu wakati ule, nimefanya kazi na mafundi wa meli, wa matrekta, hata wa meno, na sijaona mtu aliyekizuia kitu kufa kwa ukaidi kama ule.

Chukua suala la stima. Keateka alikuwa ameshuku tangu mwanzo kwamba ile mashine ni koili iliyojificha. Inapata joto, alisema. Kitu kinachopata joto kinapika. Karani akakubali ipimwe. Watu wote wa ploti walitoka kushuhudia. Keateka aliweka kikombe cha bati chenye maji juu ya mashine, akakaa mbele yake kwa saa nzima, mikono magotini. Mwishowe akatumbukiza kidole.

"Ni vuguvugu," akatangaza.

"Vuguvugu inaweza kuivisha yai?" mtu akauliza.

Keateka akafikiri sana. "Haiwezi. Ikae."

Kuanzia hapo ikakaa, kwa sharti kwamba printa inapofanya kazi sisi wengine tuzime taa, maana waya wa ploti ulikuwa mwembamba na fyuzi ilikuwa na hasira. Printa yenyewe ilikwaruza kama mtu anayeparura sufuria. Tulikaa gizani saa moja jioni tukiisikiliza, na Mama Achieng wa chumba namba tano, muuza samaki, alikuwa akisema kwamba kama ni dhambi zetu zinaandikwa mbinguni, basi ndivyo zinavyosikika.

Au chukua suala la kumbukumbu. Mashine ilipotoka ofisini ilikuwa na kumbukumbu ndogo, na kurasa zikizidi ilisimama tu ikatazama. Mwanamke mmoja wa Donholm, mchoraji wa kadi za harusi, alikuwa na Mac kubwa zaidi, na alipoiongezea kumbukumbu mpya alimpa Karani vijiti vyake vya kumbukumbu vya zamani. Tatizo likawa kuifungua mashine. Skrubu mbili zilikuwa zimezama ndani kabisa, chini ya mpini, na vichwa vyake vilikuwa na umbo la nyota. Hakukuwa na bisibisi Nairobi nzima iliyofika kule chini, au kama ilikuwepo haikujulikana Dandora. Karani alinunua mwavuli mpya, akaung'oa fimbo ya katikati, akampelekea fundi mmoja wa jua kali aichonge ncha. Msimu ule wa mvua alitembea na kitambaa cha mwavuli kichwani, mbavu za chuma zinaning'inia kila upande, na hakuona ajabu yoyote.

Siku ya kuweka vijiti alivaa suti. Kulikuwa na kitu kidogo chenye mistari ya rangi kilichohitaji kukatwa ndani ya mashine ili ikubali kumbukumbu mpya. Alikikata kwa kikatia kucha, macho ameyafumba. Tukasikia *tik*. Akaifunga, akaiwasha. Ikacheka.

"Sasa inakumbuka mara nne," akatuambia.

"Mara nne?" Mama Achieng akauliza. "Na hicho kijiti kinaingia kwa mtu? Baba Achieng juzi amesahau mtoto kwa kinyozi."

Kisha lile kasha. Mguu wa meza ulivunjika, mashine ikaanguka ubavu, plastiki ikapasuka vibaya. Ndani haikudhurika. Karani alikuwa na binamu mchongaji, mmoja wa wale wanaochonga wanyama wa kuuzia watalii, akamwomba amchongee kasha jipya la mti. Akampa vipimo vyote kwenye karatasi. Binamu aliyafuata kwa uaminifu. Lakini mkono wake ulikuwa haujawahi kuacha mti bila mnyama, kwa hiyo kasha lilipokuja lilikuwa na kifaru juu. Kifaru mzima, amelala, pembe mbili.

"Nilikwambia sanduku," Karani akasema.

"Ni sanduku."

"Na huyu?"

"Huyu alikuwa ndani ya mti. Ningemtoa wapi?"

Mashine ile haikuwa na feni. Joto lake hutokea juu, kwenye matundu. Sasa juu palikuwa na kifaru. Baada ya siku mbili za mashine kuzimika kwa joto, Karani alichukua keekee akatoboa pua za kifaru hadi ndani. Tangu hapo, ukikaa karibu naye wakati anafanya kazi, ulihisi pumzi ya moto ikitoka puani mwa yule mnyama. Hata hivyo kasha lile lilimaliza ugomvi mmoja. Pasta wa kanisa la karibu alikuwa amekataa nyimbo za kwaya zichapwe na mashine yenye alama ya tunda lililoumwa. "Tunajua tunda hilo liliumwa na nani," alisema. Karani alikuwa amelifunika kwa plasta ya kidonda, lakini Pasta akasema Mungu anaona chini ya plasta. Kuhusu kifaru hakuwa na neno. Kifaru aliumbwa siku ya sita.

Nisimfanye Karani mtu wa mashine tu. Alikuwa na vituko vyake vilivyopingana. Alihifadhi waya usiofaa kwa miaka, lakini kiatu kikitoboka alikitupa siku hiyohiyo, akisema kushona kiatu ni kujidanganya. Redio yake ilikuwa bubu tangu nihamie, hakuigusa. "Hiyo ni ya fundi," alisema. Alipiga taipu kwa vidole vinne, na kila baada ya mstari alipangusa kibodi kwa leso. Mwanamke wa Donholm alimletea programu mpya za kisasa. Alipoziweka, mashine ikawa inatembea kama mgonjwa. Basi akafanya kinyume: akaanza kutafuta programu za zamani zaidi kuliko zile alizopewa ofisini. Kila aliporudi nyuma mashine ilizidi kuwa nyepesi. "Wenzangu wanapanda ngazi wakihema," aliniambia, "mimi nashuka nikipiga mluzi."

Wakati mmoja alijaribu mfumo mwingine kabisa, uliotengenezwa kwa ajili ya wanafunzi wa vyuo, uliokuja kwenye rundo la disketi. Ulikuwa maandishi matupu, bila picha, bila mshale wa kipanya. Ungeweza kuupa majina yote ya kwaya ukayapanga kwa alfabeti kabla hujakohoa. Karani aliupenda sana. Lakini sasa mashine ilikuwa ikicheka kidogo asubuhi, halafu inabadilika kuwa herufi tupu na kukaa hivyo siku nzima, na watu wa ploti wakahuzunika. Watoto walikwenda shule wakiburuta miguu. Mama Achieng alikuja kwa niaba ya wengine. "Karani, irudishe ilivyokuwa. Imekuwa kama mkwe aliyenyimwa chai." Akairudisha.

Na vijana wa langoni walimtania kila siku.

"Karani, niaje! Hiyo tivii yako ndogo inashika mpira?"

"Haishiki mpira."

"Sasa inashikanga nini?"

"Inashika majina ya watu. La kwako limo."

Wakampisha, kwa sababu walijua limo wapi.

Hapa nafika kwenye kazi yenyewe. Karani alichapa nyimbo za kwaya, na makanisa ya Wakamba yalimpenda kwa kuwa alikuwa amezichora mwenyewe, nukta kwa nukta, zile herufi zenye kijimkia juu ambazo mashine za mjini hazikuwa nazo. Lakini kazi kubwa ilikuwa mazishi. Mtu akifa Dandora husafirishwa kwao, Kitui au Kakamega au Siaya, na hawezi kwenda bila karatasi zenye ratiba na wasifu. Ijumaa moja diski iligoma. Karani aliilalia asubuhi yote, ikakataa. Wasifu wa marehemu ulikuwa ndani, na gari lilikuwa likingoja. Kwa haraka akachukua disketi iliyokuwa karibu, ya mazishi mengine, akabadilisha jina tu. Kule magharibi marehemu akasomewa maisha ya mtu mwingine kabisa, mwanakwaya mpole aliyependa mbuzi. Mjane alirudi akamshukuru Karani kwa machozi. Alisema hajawahi kusikia mumewe akielezwa vizuri hivyo.

Mtu mwingine angefurahi yamekwisha. Karani aliona aibu, akaamua jambo ambalo sijaona pengine popote. Alianza kuandika wasifu wa watu wangali hai. "Mashine hii haina dhamana," alisema, "na nyinyi pia hamna." Aliita mmoja mmoja, akamkalisha, akamhoji, akaandika. Watu waliogopa wiki ya kwanza. Wiki ya pili walikuwa wakipanga foleni. Keateka alikuja mara sita kurekebisha wake, na kila mara alizidi kuwa mrefu na mkarimu. Baba Achieng aliomba aandikwe mcha Mungu, Mama Achieng akapiga kelele kutoka uani, "Andika anajaribu!" Kazi ya mashine ikawa haina mwisho, maana aliye hai hubadilika kila mwezi. Nami nilielewa taratibu kwamba hiyo ndiyo ilikuwa hesabu yake.

Mama Mwende alikuja mara mbili kwa mwaka, Pasaka na Desemba. Alikuwa mwanamke mrefu, mtaratibu. Alikuwa akiweka chini kikapu cha maembe na kunde, anafungua leso, anakaa kitandani, anauliza, "Mashine haijafa?"

"Haijafa."

"Haya."

Basi. Siku ya pili alifua kila kitu, ya tatu akaondoka. Nilimwona Karani akimwandikia barua baadaye. Yeye aliyeweza kujaza kurasa mbili juu ya upole wa Keateka alimwandikia mkewe mistari minne, mitatu ikiwa ya mashine.

Mwaka wa pili wa kukaa kwangu, Mama Mwende alikuja na wazee. Aliwaleta wawili: kaka mkubwa wa Karani, Mzee Nzioka, mwenye fimbo na koti zito, na kaka yake mwenyewe Mama Mwende. Walikuwa wametumwa na ukoo kuchunguza kama mashine kweli ni hai au Karani anadanganya. Walikaa vitini mbele yake kama watu waliokuja kupeleka posa. Karani aliiwasha. Ikacheka. Wale wazee wakatazamana.

"Kucheka si kazi," akasema Mzee Nzioka. "Ifanye kazi. Na wewe usiiguse, ndugu yangu, unaweza kuwa umeipanga." Akanielekeza fimbo. "Huyu kijana wa Kitale si wa kwetu, hana upande. Achague yeye."

Karani akaniachia kiti. Nilikuwa nimemwona akifanya kazi ile mara nyingi, basi nikakaa. Kwenye kioo palikuwa na orodha ya faili, na hazikuwa na majina, zilikuwa na namba, ili watu wasichungulie za wenzao. Nikachukua ya kwanza, namba moja. Ningejuaje? Mimi natoka kwetu. Sikujua kwamba Karani, mtu wa heshima zake, alipoanza kuandika watu wa ukoo aliwapanga mwanzoni mwa orodha, kwa ukubwa, na kwamba huwezi kumweka mdogo mbele ya mkubwa hata kwenye diski.

"Zimeni taa!" Keateka akapiga kelele uani. Printa ikaanza kukwaruza. Mzee Nzioka aliinama, miwani puani, akasoma kila mstari ulivyokuwa unatoka, kwa sauti.

"Wasifu... wa... marehemu... Mzee... Nzioka."

Printa tu iliendelea.

"Mimi nimekufa lini?" akauliza.

"Tarehe sijaweka, kaka," Karani akasema kwa sauti ndogo. "Nimeacha nafasi."

"Ameacha nafasi!" shemeji akaruka kutoka kitini. "Mnasikia? Amemwachia kaka yake nafasi! Hapa patachinjwa mbuzi!"

"Mbuzi atachinjwa," Mzee Nzioka akakubali, lakini hakuinua macho. Alikuwa amevuta karatasi, anasoma mbele. Alisoma hadi mwisho, akarudi mwanzo. Akasafisha koo.

"Hapa umeandika nilikuwa mvumilivu."

"Ndiyo, kaka."

"Ni kweli. Na kisima?"

"Kisima kipi?"

"Cha kule chini karibu na shule. Nilikichimba mimi peke yangu, miezi mitatu, watu wakipita wakinicheka. Hukijui?"

"Nilikuwa huku Nairobi."

"Basi andika." Akagonga fimbo chini. "Andika na waliocheka. Majina nitakupa."

Shemeji alikuwa ameketi tena. "Na mimi niko namba ngapi?"

"Nne."

"Nne! Na namba tatu ni nani?"

Hayo yalichukua alasiri nzima. Jioni wazee wakatoa uamuzi: mbuzi wa kusafisha neno atatolewa na Karani; mashine ni hai; kazi ipo, tena ina makosa mengi ya kurekebishwa, na Karani asithubutu kuja nyumbani kabla hajaimaliza. Karani aliwasindikiza hadi langoni kama mtu aliyeshinda kesi.

Aliporudi, Mama Mwende alikuwa pale kitandani alipokaa tangu asubuhi. Mimi nilikuwa nakusanya vikombe.

"Kwa hiyo haijafa," akasema.

"Haijafa."

"Na mimi niko namba ngapi?"

Karani alishika kipanya, akakiachia. "Wewe sijakuandika."

"Kwa nini?"

"Sijapata maneno."

Mama Mwende alicheka kidogo, bila ubaya. "Watu wote wa Dandora umewapatia," akasema. Akajifunga leso, akaanza kuchambua kunde.

Miezi michache baadaye nikaondoka. Kiwanda kilikuwa hakijanikosea lolote. Ni miguu yangu tu. Nilikwenda Voi, kisha Taveta, nikalinda mkonge, nikauza vitunguu, na baada ya mwaka mmoja na zaidi nikapita Nairobi. Nilifika Dandora asubuhi kuwasalimu. Langoni palikuwa na lori dogo tupu. Nikaingia chumba namba nane.

Chumba kilikuwa kimefungwa chote kwenye mafurushi: godoro, sufuria, redio bubu. Meza tu ilikuwa imesimama, na mashine juu yake, imefunikwa na leso nyeusi na nyekundu. Karani alikuwa kitini, suti na tai. Alikuwa amekonda.

"Jirani," akasema. "Umekuja wakati mbaya. Mashine imekufa."

"Pole sana, Karani. Lini?"

"Leo asubuhi."

Nikaitazama. Chini ya leso kioo kilikuwa kinawaka. Mwanga ulipenya kwenye kitambaa, na pale palipokuwa pembamba niliona kijimstari kikiwaka na kuzima, kikingoja herufi. Diski ilikuwa inavuma vizuri.

"Karani, inawaka."

"Mwili haupoi mara moja," akajibu.

Nikakaa juu ya furushi. Uani Keateka alikuwa akiwaambia watu kwa sauti ya matanga kwamba imekwenda, imekwenda kweli, na Mama Achieng akasema masikini, ilikuwa ikicheka na kila mtu. Karani alingoja sauti zitulie.

"Desemba alikuja," akasema. "Akaweka kikapu, akakaa hapo. Nikangoja. Siku ya kwanza, ya pili, ya tatu. Hakuuliza. Akaondoka bila kuuliza."

"Labda alisahau."

"Yule hasahau." Alinyoosha tai. "Alipoondoka nikakaa nimwandike. Nikaandika jina. Nikaandika anapika vizuri. Halafu nikasimama hapo, jirani. Wiki nne, mstari wa pili. Sijui siku hizi anaamka saa ngapi. Sijui kama bado anaimba akikama. Keateka najua hata shati alilobatizwa nalo. Mambo hayo hayaulizwi kwa barua."

"Basi nenda tu. Mbona useme imekufa?"

Aliniangalia kama mtu aliyekata tamaa na elimu yangu. "Nimesema miaka yote hii siondoki mpaka ife. Ploti nzima inajua. Wazee wanajua. Nitasema nini, nimemkumbuka mke wangu?"

Dereva wa lori akapiga honi.

"Ila kuna jambo," akaendelea, sasa hanitazami. "Yeye ataniuliza imekufaje, na mimi siwezi kumdanganya usoni. Nikiizima mwenyewe nitakuwa nimeizima. Wewe huna upande. Chomoa."

"Mimi?"

"Taratibu tu. Mimi nitatazama dirishani."

Alisimama akageuka dirishani, mikono nyuma, kama mtu anayechomwa sindano. Nilipiga magoti chini ya meza, nikashika plagi. Ilikuwa na joto. Nikachomoa. Mwanga chini ya leso ukajikunja ukawa nukta, nukta ikaisha, na diski ikazunguka, ikazunguka, ikachoka.

"Imetokea nini?" akauliza bila kugeuka.

"Imezimika."

"Umejaribu kuiwasha?"

"Sijajaribu."

"Usijaribu." Akageuka, na sauti aliyopaza nje haikuwa na msiba hata kidogo. "Keateka! Njooni tubebe!"

Waliibeba watu wanne, ingawa mmoja angetosha, Keateka mbele amevua kofia. Karani alikaa karibu na dereva, mashine mapajani. Watu wa ploti walipita dirishani mmoja mmoja, wakimpa mkono na kusema pole, naye akajibu asanteni, asanteni, uso umeinama, mfiwa kamili. Mimi nilikuwa wa mwisho. Lori lilikuwa limeanza kusogea, nikalisindikiza hatua chache nikiwa nimeshika mlango, na kabla sijaachia nilimsikia akimwinamia dereva na kumwuliza kama gari hili haliwezi kwenda mbio kidogo.